Samansi ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Wakili alizipanga picha nne juu ya meza kama mtu anayepanga karata, kisha akaiweka hati ya kiapo kando yake.

"Soma mwenyewe, Afande," alisema. "Halafu uniambie nani mwongo."

Mpelelezi alikuwa mwanamke aliyeacha kazi ya polisi miaka minne iliyopita, lakini cheo kilikuwa kimemganda. Hata dada yake wa tumbo moja alimwita Afande siku akitaka kumtania. Hakukaa. Aliisoma hati ile akiwa amesimama dirishani, mstari kwa mstari.

Kiapo kilikuwa cha mpeleka samansi, mzee ambaye mahakama nzima ilimjua kwa jina la Mzee Stempu, kwa sababu hakuna karatasi aliyokubali kuibeba kabla ya kuukagua mhuri wake kwenye mwanga. Aliapa kwamba siku ya Jumamosi, tarehe kumi na moja, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifika nyumba namba kumi na nne. Kwamba nyumba hiyo ina geti la kijani na ngazi tatu za vigae vyekundu. Kwamba alimkabidhi samansi mwanaume aliyesema kwa kinywa chake mwenyewe, "Ndiye mimi," na mwanaume huyo akatia sahihi.

Picha zilikuwa za nyumba namba kumi na nne. Geti lake lilikuwa jeusi tii. Ngazi hazikuwepo, wala kigae kimoja chekundu.

"Na hii." Wakili akasogeza nakala ya pasipoti. "Mdaiwa aliondoka nchini tarehe tisa, akarudi tarehe kumi na tano. Mihuri nimeihakiki mwenyewe uhamiaji. Ni ya kweli."

"Kwa hiyo siku ya tarehe kumi na moja hakuwepo."

"Hakuwepo. Na sasa hayupo tena. Wakili wake ameapa kwamba mteja wake yuko ng'ambo tangu miezi miwili iliyopita na hajulikani atarudi lini." Wakili alivua miwani akajikanda kope. Alikuwa mwanamke kijana, na ilionekana wazi kwamba usiku uliopita haukumpa usingizi. "Nina wauguzi wastaafu mia mbili na kumi na wawili. Walitia kiinua mgongo chao kwenye mashamba ya miti ya mbao, na ilipokuja kujulikana, mashamba yenyewe yalikuwa picha kwenye vipeperushi. Tulishtaki. Samansi ikapelekwa, au tuseme tuliambiwa imepelekwa. Mdaiwa hakujibu, tukapata hukumu ya upande mmoja, akaunti zake zikafungwa. Tukakaa tukapumua. Wiki mbili zilizopita anaibuka na kusema hajawahi kuiona samansi hata kwa ndoto."

"Mpelekee nyingine."

"Nimpelekee wapi? Na samansi ina umri wake, Afande. Miezi sita. Isipomfikia mdaiwa ndani ya miezi hiyo, inakufa. Yetu ilitolewa tarehe saba, miezi sita iliyopita." Aligeukia kalenda ya ukutani. "Leo ni tarehe saba. Mahakama inafunga saa kumi jioni. Kufungua kesi mpya hatuwezi, muda wa kisheria ulishapita. Nimeomba tuongezewe siku, jaji atatoa uamuzi kesho asubuhi. Akiona kiapo cha kwanza ni cha uongo, haongezi hata dakika. Akaunti zinafunguliwa, na pesa za wale akina mama zinapaa."

Mpelelezi alizikusanya picha. Aliwajua wapeleka samansi wa namna hiyo. Wanakaa kwenye mgahawa, wanatia sahihi za watu wasiowahi kuwaona, kisha wanakwenda kuapa mbele ya hakimu bila kupepesa.

"Mzee wako ana miaka mingapi kazini?"

"Ishirini na miwili."

"Amewahi kukamatwa na uongo?"

"Hata mara moja," wakili alisema. "Ndiyo maana nimekuita wewe, sijawaita polisi. Bado."

* * *

Mzee Stempu aliishi chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mke wake ndiye aliyefungua mlango, na aliufungua kiasi cha jicho moja tu.

"Ni akina nani tena?"

"Niko peke yangu, mama. Natoka kwa wakili."

Neno "tena" mpelelezi alilitia kibindoni. Aliingia. Mzee alikuwa amekaa mezani, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, daftari limefunguliwa mbele yake. Mkono wake wa kuume ulikuwa juu ya daftari kama mtu anayezuia upepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza kama nilikwenda. Nilikwenda."

"Naomba nione daftari."

Alilisoma bila haraka. Kila samansi ilikuwa na ukurasa wake, mwandiko mdogo ulionyooka: basi alilopanda, hali ya hewa, mitaa aliyopita, nyumba alizozihesabu. Ukurasa wa tarehe kumi na moja ulisema: *Mkono wa kushoto. Namba 12, geti la mbao. Nyumba haina namba. Namba 14, geti la kijani, ngazi 3. Mtu mwenyewe. Upara, ndevu, miwani myeusi.*

"Ulimjuaje kuwa ni yeye?"

"Nilikuwa na picha ya gazeti. Upara ule ule, ndevu zile zile. Nikamwita majina yake yote matatu. Akasema, ndiye mimi. Nimwombe nini zaidi, kitambulisho cha mama yake?"

"Miwani hukumwambia avue?"

Mzee alilitazama daftari. "Hapo umenishika," alisema taratibu. "Sikumwambia."

"Mama amesema 'tena'. Nani alikuja kabla yangu?"

Mume na mke walitazamana. Mke ndiye aliyejibu, akiwa bado amesimama karibu na mlango. "Vijana wawili. Jana. Wamevaa vizuri, viatu vinang'aa. Walinisalimia kwa adabu kabisa. Mmoja akaketi hapo ulipoketi, mwingine akaenda kusimama jikoni, akawa anafungua na kufunga droo ya visu. Anafungua, anafunga. Hakusema neno."

"Walitaka nini?"

Mzee alitoa karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari. Ilikuwa imechapwa kwa kompyuta, na chini yake pameachwa nafasi ya sahihi. Mpelelezi aliisoma mara mbili.

*Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwa hiari yangu kwamba siku ya tarehe kumi na moja sikufika nyumbani kwa mdaiwa. Maneno yangu kwamba kengele ilikuwa mbovu na kwamba niligonga geti kwa jiwe niliyatunga mwenyewe. Sahihi ya kupokea niliitia mwenyewe.*

"Walisema leo saa kumi na moja jioni watarudi kuichukua," mzee alisema. "Sikutia sahihi. Lakini nitakuambia ukweli, mwanangu, kalamu niliishika."

Mpelelezi alikuwa hamsikilizi. Alikuwa ametoa nakala ya kiapo kutoka mkobani na anaipitia kwa kidole.

"Mzee, siku ile uligonga na nini?"

"Kengele ilikuwa haifanyi kazi. Niliokota jiwe pale chini nikagonga nalo."

"Ulimwambia wakili?"

"La. Ya nini? Wakili anataka saa na tarehe."

"Uliandika kwenye daftari? Ulimsimulia mama?"

"Hata mimi ndiyo nasikia leo," mke wake alisema.

"Na kwenye kiapo halimo." Mpelelezi aliiweka ile karatasi ya vijana juu ya meza, akaigonga kwa kucha. "Hapa wanakutaka ukane maneno ambayo hujawahi kumwambia mtu. Jiwe. Kengele. Aliyeandika hii anajua ulivyobisha hodi, mzee. Alikuwepo, au alisimuliwa na aliyekuwepo."

Nje, mashine za kiwanda zilikuwa zinaunguruma.

"Basi sijarukwa na akili," mzee alisema, na sauti yake ikapasuka katikati.

"Hujarukwa. Mama, una ndugu karibu? Nenda kwake sasa hivi, usingoje jioni. Mzee, vaa viatu. Twende ukanioneshe njia ile ile, hatua kwa hatua."

* * *

Mtaa ulikuwa wa watu wenye nafasi: kuta ndefu, nyaya juu ya kuta, ukimya wa mchana. Saa saba kasoro jua lilikuwa la utosi. Mzee alitembea mbele mkono umenyooshwa, anahesabu kwa sauti ya chini.

"Kumi na mbili, geti la mbao. Hili hapa." Alipiga hatua, akafika kwenye geti jeusi, akasita. Juu ya nguzo palikuwa na kibao kipana cha shaba: 14. Mzee alikitazama kama mtu aliyekutana na mgeni kitandani kwake. "Hiki hakikuwepo. Hapa palikuwa patupu. Ndiyo maana nikaandika, nyumba haina namba."

"Endelea."

Alikwenda mbele mpaka kwenye geti la kijani. Ngazi tatu za vigae vyekundu zilionekana kupitia mianya. "Ni hapa. Nakuapia kwa mwenye enzi, ni hapa."

Kibati kidogo cheupe kwenye nguzo kilisema 16.

Mpelelezi alisogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta. Kibati kilishikwa na skrubu mbili tu. Lakini kukizunguka, chini ya chokaa ambayo ilikuwa nyeupe kidogo kuliko chokaa nyingine, paliweza kuonekana madoa manne ya mviringo, kila moja kwenye pembe yake. Alikwangua moja kwa ncha ya ufunguo. Simenti laini ikapukutika, na nyuma yake pakatokea tundu.

Alitoa futi ya fundi mkobani. Kutoka tundu hadi tundu, kwa upana: sentimita ishirini na moja. Kwa urefu: kumi na moja. Alipiga picha futi ikiwa bado ukutani. Kisha akarudi kwenye geti jeusi na kukipima kile kibao cha shaba, skrubu kwa skrubu.

Ishirini na moja. Kumi na moja.

"Kibao hiki kilikwenda matembezi," alimwambia mzee bila kutabasamu. "Kikahamia jirani, kikakusubiri, kikarudi kwao. Ulipeleka samansi palipoandikwa kumi na nne. Walitaka uipeleke hapo."

"Lakini kwa nini, mwanangu? Si angejificha tu?"

"Angejificha, mngeendelea kumtafuta. Miezi sita mngemtafuta, na siku moja mngempata. Lakini mkiamini mmeshamkabidhi, mnakaa kitako. Samansi inazeeka ikiwa kabatini. Ikibaki siku chache ife, anatokea na pasipoti yake safi, na anayeonekana mwongo ni wewe."

Kidirisha kwenye geti jeusi kilifunguka. Uso wa mlinzi ukatokea. Aliwatazama, akaitazama futi, kisha kidirisha kikafungwa polepole. Wakamsikia anaongea na simu.

Haikupita dakika kumi gari la kijivu liliingia mtaani. Lilipita karibu yao kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, likaenda kusimama mwisho wa mtaa. Injini haikuzimwa.

"Ndio wao," mzee alinong'ona. "Yule wa upande wa huku ndiye aliyekuwa anachezea droo."

* * *

Mkabala na geti la kijani palikuwa na jengo la ghorofa mbili, na chumba chake cha mbele kilikuwa cha dobi. Walipoingia, mvuke uliwapokea. Dobi, mwanamke wa makamo mwenye mikono minene, alikuwa anapiga pasi shuka. Hakuacha.

"Karibuni. Nguo za leo sichukui, nimejaa."

"Hatujaleta nguo, dada. Nataka kukuuliza kuhusu nyumba ile. Nani anakaa?"

"Hakai mtu. Inasubiri mpangaji mwaka wa pili huu."

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa?"

Pasi ilienda, ikarudi. "Wewe ni polisi?"

"Niliwahi kuwa. Huyu mzee yuko hatarini kufungwa kwa sababu alibisha hodi pale."

Dobi alimtazama mzee kwa mara ya kwanza, akamtazama vizuri. "Wewe ndiye uliyegonga na jiwe," alisema. "Nilitaka kukupigia kelele, nikadhani unavunja."

Mzee alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Dobi aliiweka pasi wima. "Alikaa mmoja," alisema. "Siku nne tu. Aliingia Jumatano. Mpole sana, kila asubuhi ananisalimia kutoka kule. Ana upara, ana ndevu. Akawa anavaa miwani myeusi hata jua halijachomoza. Nikamtania, shemeji, unaumwa macho? Akacheka. Akasema yeye ni mwigizaji, hajapata kazi ya maana siku nyingi, sasa ameajiriwa kuigiza mtu mkubwa. Siku moja, maneno mawili. Alifurahi huyo, utadhani amepewa nchi."

"Maneno mawili," mpelelezi alirudia. "Ndiye mimi."

"Hayo sijui. Jumamosi jioni nilimwona akitoka. Gari la hapo kumi na nne, amekaa nyuma, katikati ya vijana wawili. Akanipungia mkono. Begi lake nililiona dirishani siku tatu baadaye, bado limekaa pale pale. Siku ya nne halikuwepo. Mke wake alikuja kumwulizia. Mara ya kwanza mlinzi alimwambia hawamjui. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu akamwambia akirudi atamfungulia mbwa. Hajarudi."

Mpelelezi aliandika, akapigia mstari, akaandika tena. Alipoinua kichwa macho yake yalitua kwenye kamba iliyovutwa ukutani. Mashati matano meupe, yamekwisha kupigwa pasi, kila moja na karatasi ndogo iliyobanwa kwa pini: 14.

"Hayo ya nani?"

"Ya hapo kwenye geti jeusi."

"Ya mlinzi?"

Dobi aliguna. "Mlinzi gani avae shati la vifungo vya lulu? Ya bosi."

"Yaliletwa lini?"

"Juzi, Jumanne. Kila Jumanne yanaletwa, kila Alhamisi saa nane napeleka."

"Pengine ni ya zamani, yanafuliwa tu yasiingie vumbi."

"Dada yangu, mimi ndiye ninayeyasugua. Huyo bwana anapaka ndevu rangi, na akitoka jasho inamwagikia kwenye kola. Miaka mitatu naing'oa kwa ndimu. Kola za juzi zilikuwa nyeusi, na jasho bado bichi." Alishusha sauti. "Ndiyo maana haamini mtu. Nikifika anakuja mlangoni mwenyewe, anakagua kola moja moja, ndipo ananiruhusu kuondoka."

Mpelelezi alitazama saa yake. Saa saba na dakika arobaini.

"Mheshimiwa yuko ng'ambo," alisema, "na jasho lake liko hapa. Mzee, tukirudi kwa wakili kuchukua samansi nyingine tutachelewa."

Mzee Stempu alikuwa ameshaanza kufungua mkoba wake wa ngozi. Alitoa bahasha ya nailoni, na kutoka humo karatasi moja isiyo na kunyanzi. Aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua mhuri.

"Huwa naomba tatu," alisema. "Ya mdaiwa, ya mahakama, na ya mvua."

"Nipe niipeleke mimi. Wale vijana wanakutaka wewe."

"Wewe hujala kiapo cha mahakama, mwanangu. Ukiipeleka wewe ni karatasi tu. Nikiipeleka mimi ni samansi." Aliinama akavipangusa viatu vyake kwa leso, kimoja kisha cha pili. Aliendelea mpaka vikang'aa.

Dobi aliyashusha mashati kwenye kamba, akayakunja, akayapanga juu ya mikono yake. "Mimi napeleka nguo kama kila Alhamisi," alisema. "Nani yuko nyuma yangu sijui, sina jicho kisogoni."

* * *

Walivuka barabara saa nane kamili. Mpelelezi na mzee walijibanza kwenye nguzo ya geti la kijani, mahali ambapo kidirisha cha mlinzi hakifiki. Mwisho wa mtaa, mlango wa gari la kijivu ulifunguka, na kijana mmoja akateremka. Hakukimbia. Alifunga kifungo cha koti na kuanza kuja.

Dobi alibisha. "Nguo!"

"Ingia uziweke."

"Siingii, kaka. Mara ya mwisho mbwa alinivuta gauni. Mwite akague hapa hapa."

Muda ukapita. Kijana wa koti alikuwa amefika namba ishirini na mbili. Mpelelezi aliinua simu yake kifuani, kamera ikiwa imewashwa, na kwa mkono wa pili akamshika mzee bega ili asitoke mapema. Alisikia komeo likivutwa. Mlango mdogo ndani ya geti jeusi ukafunguka.

Mdaiwa mwenyewe, Mkurugenzi wa yale mashamba ya kwenye vipeperushi, alitokea amevaa kandambili na kanzu ya kulalia ya hariri. Upara, ndevu nyeusi mno. Alilichukua shati la juu, akaigeuza kola, akaitazama. La pili. La tatu. Yale aliyoyaridhia aliyarudisha juu ya mkono wake wa kushoto, na alipomaliza akachukua na yaliyobaki, mpaka mikono yote miwili ikajaa.

"Sasa," mpelelezi alisema.

Mzee Stempu alitembea. Zilikuwa hatua kumi na nne na hakuharakisha hata moja. Alisimama mbele ya Mkurugenzi, akamwita majina yake yote matatu kwa sauti ya mahakamani.

Mkurugenzi aliinua uso. Kwa nukta moja hakuelewa. Kisha akaelewa, na akataka kurudi nyuma, lakini dobi alikuwa ameshika mlango na mikono yake mwenyewe ilikuwa imebeba mashati.

"Vua miwani kama unayo," mzee alisema. "Huna. Vizuri. Mimi ni mpeleka hati wa mahakama. Hii ni samansi katika kesi ya wauguzi wastaafu. Leo tarehe saba, saa nane na dakika kumi na moja."

Akaiweka juu ya mashati.

Mkurugenzi aliitazama karatasi ile kana kwamba ni nge. Angeweza kuitupa, lakini kuitupa kulimaanisha kuachia mashati, na chini palikuwa na matope ya maji ya kumwagilia maua. Hakuyaachia.

"Mzee," alisema kwa upole uliotisha kuliko kelele, "unakaa nyuma ya kiwanda cha magodoro. Sivyo? Mkeo anapika uji mzuri, nimesikia."

"Yote hayo yamerekodiwa," mpelelezi alisema, akijitokeza. "Sura, saa, na maneno. Yako kwa wakili tayari. Mwambie kijana wako asimame hapo alipo."

Kijana wa koti alikuwa hatua tano kutoka kwao. Mkurugenzi alitikisa kichwa kidogo. Kijana akasimama.

"Mnajisumbua," Mkurugenzi alisema. "Kesho wakili wangu ataikataa. Mzee mwenyewe hajui kutofautisha nyumba na nyumba. Alimkabidhi samansi mtu asiyejulikana, kwenye nyumba isiyojulikana. Nani atamwamini?" Alimgeukia dobi kama anayemfukuza kuku. "Na wewe toka mlangoni. Umemaliza."

Dobi hakutoka.

"Samahani, bosi," alisema kwa sauti ile ile ya kazini, ya kila Alhamisi. "Yule mgeni wa kumi na sita aliniachia mashati matatu. Miezi sita sasa yananichukulia nafasi. Niyalete hapa?"

"Yagawe," Mkurugenzi alisema huku akisukuma mlango kwa bega. "Hatayahitaji tena."

Mlango haukufungwa. Aliubakiza nusu, bega lake juu yake, kana kwamba maneno yale yalikuwa yamembana kidole. Mlinzi alitazama chini. Hata kijana wa koti aliuma mdomo akatazama pembeni.

"Nani huyo?" mpelelezi aliuliza taratibu. "Si umesema hajulikani?"

Ngozi ya upara wa Mkurugenzi ilikuwa imeanza kutoa jasho, na kamstari kembamba keusi kakawa kanateremka kutoka kwenye ndevu kuelekea kola ya shati la juu. Kisha mlango ukafungwa, na komeo likavutwa mara mbili.

Walikwenda mpaka barabara kuu bila kugeuka nyuma, dobi katikati yao. Mpelelezi alisimamisha teksi ya kwanza, akamwingiza mzee.

"Mahakamani, moja kwa moja. Wakili anakusubiri kwenye ngazi. Ukale kiapo kabla ya saa kumi, na nyumbani usirudi."

"Na wewe?"

"Mimi sijamaliza."

Teksi iliondoka. Dobi alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono yake mitupu imening'inia, kama haijui pa kukaa.

"Nilijua," alisema. "Siku zote hizo nilikuwa najua, nikawa napiga pasi."

Mpelelezi alimshika kiwiko, akamsogeza kivulini. Kisha akaipiga namba ambayo hakuwa ameipiga kwa miaka minne. Aliyepokea aliitambua sauti, akacheka, akauliza kama Afande amechoka kupumzika, au amekamata tena tapeli wa karatasi.

"Sipigi kwa ajili ya karatasi," alisema. "Napiga kuhusu mtu. Aliingia kwenye gari Jumamosi, tarehe kumi na moja, miezi sita iliyopita, akapunga mkono. Jina lake bado silijui. Lakini mke wake yupo, na alishafika hapa mara tatu. Anza kumtafuta huyo."